Daftari la Sambaza

Nimefungua daftari la madeni ya sambaza,
ukurasa wa mwisho, usio na jina la mtu,
nikapiga mstari katikati kwa ubavu wa kiberiti.
Kushoto chuo cha serikali. Kulia cha mapadri.
Nsimire ameshika tochi. Betri inakufa, anaitikisa.

Kushoto, minerevali: dola mia na themanini.
Kulia: mia saba.
Mwenye haraka angefunga daftari akalale.

Lakini mimi nauza Kadutu mwaka wa kumi na moja huu,
najua kopo linalojaa upesi
ndilo lililobonyea kitako.
Nilimwuliza kijana wa mama Cirhuza, aliyeingia kushoto
mwaka ule banda letu lilipoungua.
Bado yuko darasa la tatu.
Maprofesa waligoma, wakarudi, wakagoma.
Silabusi dola kumi kila somo, na asiyenunua
jina lake halisomeki vizuri siku ya mtihani.
Nikaandika: silabusi.
Nikaandika: miaka miwili ya kungoja, na viatu vyake, na unga wake.
Safu ya kushoto ikarefuka
kama mstari wa madumu kule Panzi.

Haya, kulia.
Kulia kuna barua, muhuri wa zambarau, harufu ya kabati.
*Kwa kuwa binti amepata asilimia sabini na sita, tutamwondolea nusu.*
Nusu! Mama aliimba jikoni hadi sombe ikaungua.
Mimi nikasoma chini, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kila mwaka ashike sabini,
akiteleza, nusu iliyosamehewa inarudi kuwa deni.
Mbuzi wa kuazimwa anakula majani yako,
kamba iko mkononi mwa mwenyewe.

Na malaria je? Na usiku wa tochi kama hii?
Nani ataiandikia malaria barua?

Mjomba Namegabe, tangu kitini, bila kuulizwa:
«Karatasi zote mbili zinalowa kwa mvua ile ile.»
Kweli. Lakini yeye halipi.

Nikajumlisha. Mia tatu hamsini.
Likelemba yangu itaniangukia mwezi wa tano;
dirisha la kuandikisha linafungwa mwezi wa kumi na moja.
Nikafuta, nikajumlisha tena,
kana kwamba namba zina aibu na zitajirekebisha.

Nsimire akachukua kalamu.
Juu ya mstari wenyewe, si kushoto si kulia,
akaandika jina langu.
«Na wewe ulikubaliwa, dada. Nani alikupigia hesabu?»

Hakuna.
Baba alisema *tutaona*,
na tukaona.

Tochi ikazima.
Nikasikia anapumua, nikasikia mvua inajaribu bati,
nikasema lala, kesho una kuchota maji.

Asubuhi nikavaa kikwembe cha harusi ya Furaha,
nikapanda kilima hadi kwa padri wa fedha
kumwuliza kama sabini yake yaweza kuwa sitini na tano
kwa mwaka wa kwanza tu,
na kama mwezi wa kumi na moja unajua kungoja mwezi wa tano.
Kubishana bei ndiyo kazi yangu,
miguu haikutetemeka.

Jirani aliniambia nibebe kilo mbili za sambaza, za kulainisha.
Sikubeba sambaza.
Nilibeba daftari.