Nyoka wa Ghala la Tatu

Siku hiyo tuliketi viti vya aina moja.
Si jambo dogo, hapa Shimanzi.
Mkurugenzi, Bwana Shamshudin, na ubavuni pake Odipo wa foklifti,
kisha wahasibu watatu wakinukia udi,
kisha mimi, Swabra wa stoo, funguo zangu mapajani,
na kule mwisho, karibu na mlango, tayari kuondoka akiitwa,
Bi Nyevu wa ufagio.

Mkufunzi alitoka Nairobi kwa treni ya usiku.
Akaandika ubaoni MAENDELEO ENDELEVU
kwa kalamu ya kijani, bila shaka,
akachora maduara matatu: watu, mazingira, faida.
Kumbe ni mafiga, nikajiambia,
na figa moja haliinjiki chungu.
Tukanakili mafiga.
Kiyoyozi kimekazwa hata wahasibu wamejitanda mitandio,
na mbele ya kila mtu chupa ya maji, ya plastiki,
ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili
ila yule atakayeziokota.

Msinielewe vibaya. Nilimpenda yule mwalimu.
Alituuliza majina, na hadi jioni aliyakumbuka.

Baada ya mahamri na mbaazi tukagawanywa makundi.
Kila kundi lichanganyike, akasema, wa juu na wa chini,
neno likamponyoka, akalimeza,
wa kila idara. Swali:
kampuni inapoteza nini bila kujua?

Mkurugenzi akasema karatasi.
Odipo akasema dizeli, akajuta, akatazama viatu vyake.
Mimi nikasema magunia yanayochanika.
Bi Nyevu hakusema. Akaulizwa.
Akakaza leso yake, akafanya hivi, kwa meno:
sssss.

Tukacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe.

"Kuna nyoka ghala la tatu," akasema.
"Kwenye mpira wa ile mashine ya upepo, nyuma ya ngazi.
Saa kumi na moja alfajiri nafagia vumbi la chai,
hapana foklifti, hapana redio, hapana mtu wa kunena naye,
basi namsikia. Mwaka wa pili huu.
Nilimwambia askari wa geti.
Askari akaniuliza, kwani amekuuma?"

Fundi Mghanga akasimama kabla hajamaliza.
Tukamfuata sote, kalamu mkononi, kama watoto wa shule.
Bwana Shamshudin akaamuru ghala lizimwe,
likazimwa, kimoja baada ya kingine:
mikanda, mafeni, foklifti, redio ya wapagazi,
mpaka ikabaki harufu ya chai
na watu thelathini wasiojua waweke wapi mikono yao.

Tukamsikia.
Mwembamba. Uzi wa upepo
unaosokotwa kwa umeme tunaoulipia
usiku na mchana, Idi na Krismasi,
ukipotelea katika joto la Mombasa.
Mghanga akapaka povu la sabuni.
Povu likavimba, likapasuka, likavimba.

Mhasibu mmoja akatoa simu akaanza kupiga hesabu.
Alipofika kwenye miezi, akaacha.

Jioni tukapewa vyeti.
Cha Bi Nyevu kiliandikwa NYEFU. Akanipa nimsomee,
nikamsomea jinsi kilivyopasa kuandikwa.
Kisha fomu: Umejifunza nini leo?
Akafikiri. Zile chupa zilishaingia guniani mwake,
zinagongana kama watu wanaosukumana mlangoni.

"Andika endelevu," akasema. "Neno zuri. Sikulijua."

Akalitwika gunia, akaniacha na kalamu.
Kutoka koridoni nikasikia:

"Swabra! Waandikie pia ghala la tano.
Huko amezaa."