Kilomita Kumi na Moja

Kila jioni naandika namba ya dashibodi
kwenye daftari la mayai, chini ya madeni ya watu.
Gari ni la mkopo. Mkopo hauna usingizi,
nami nimejifunza kulala jicho moja.
Jumamosi alfajiri namba haikulingana:
kumi na moja zimezidi.
Hakuna panya anayeendesha Probox.

Chilongani wa getini akaangalia viatu vyake.
"Ilikuwa saa nane, Mama. Alisema umemtuma."
Saa nane usiku, nimtume nini, Chilongani?
Nimtume mwezi?

Yusto kalala kifudifudi, na soksi miguuni.
Ana miaka kumi na mitano na ndevu tatu
anazozihesabu kila asubuhi kwenye kioo.
Sikumwamsha. Nilikwenda kwanza nyuma ya gari,
maana trei arobaini za oda ya Tabata
nilikuwa nimezipanga tangu jioni.
Nikafunua moja moja, kwa tochi ya simu.
Mayai elfu moja na mia mbili.
Hakuna hata moja lililopata ufa.

Mimi mwenye leseni navunja mawili matatu kila wiki
kwenye lile tuta la shuleni Kinyerezi.
Nikasimama pale, mkono mdomoni,
hasira imenijaa, na chini ya hasira
kitu kidogo kinatabasamu.
Nikakikanyaga.

Kaka yangu akasema kwenye simu: mpeleke kituoni,
alale rumande siku moja, atanyooka.
Mama mkwe akauliza kama fimbo zimekwisha Dar es Salaam.
Bi Asteria, mweka hazina wa kikoba chetu,
hakuuliza mtoto. Aliuliza bima.
Bima haimjui Yusto. Inanijua mimi,
na mimi nilikuwa nimelala.

Ufunguo ulikuwa kabatini, ndani ya kikombe cha harusi,
mahali ambapo hata mgeni angetazama kwanza.
Hilo nalo ni langu.

Saa moja nikamwamsha. Vaa raba, nikasema.
Hakuuliza tunakwenda wapi.
Ulipita wapi? Akanyoosha kidole,
tukapita hapohapo, kwa miguu, yeye mbele.

Hapa ulikuwa na mwendo gani?
"Arobaini."
Hapa mama mmoja anachoma vitumbua,
mgongo kaupa barabara.
Msalimie. Muulize anaanza kazi saa ngapi.
"Saa nane nakoroga unga, mwanangu. Hapahapa."
Akatupa viwili, akakataa hela.
Yusto alikishika chake mpaka kikapoa.

Hapa ulipiga honi?
"Niliogopa kuamsha watu."
Hiza, msukuma mkokoteni wa maji,
hana taa, hana kitu cha kumulika,
akapandisha suruali atuonyeshe kovu la mwaka juzi,
akacheka kama anayeonyesha picha ya harusi.
Mlinzi wa duka la dawa.
Wauguzi wawili wanaotoka zamu, viatu mkononi.
Yusto anasalimia, anauliza majina,
na kila jina linamshusha sauti.

Tulipofika lango la gereza la Segerea
nikamuuliza kwa nini aligeuzia hapa.
"Palikuwa na nafasi."
Sikuongeza neno. Lango lilikuwepo tu,
limefungwa, limepakwa rangi.

Kurudi, jua limeshatukalia utosini,
akasema bila kuulizwa:
"Mama, gia ya tatu inakwama."
Najua.
Tukatembea.
"Ukiikanyaga klachi mara mbili inaingia."
Najua, Yusto. Na miaka mitatu ijayo
utaijua ukiwa kiti cha kushoto.
Trei utaosha wewe.
Chilongani utamwomba radhi wewe, kwa jina lake,
maana ulimpa uongo wangu aubebe.

Jioni nikaandika namba. Imelingana.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikaongeza:
kumi na moja, kwa miguu.
Ufunguo nikautia ndani ya foronya,
ukanichoma shavu usiku kucha.
Nikalala jicho moja, vilevile.