Mdhamini wa Kumi

Fomu niliikunja ndani ya mkoba wa kitenge
isipate mafuta ya cherehani.
Majina kumi, walisema, namba za kadi, sahihi,
watu kumi wa kata hii walio tayari kuandika
kwamba Kalunde binti Nkwabi, fundi nguo,
mkazi wa nyuma ya ghala la asali,
si mwendawazimu.

Sikuwa na orodha ya wanachama.
Nilikuwa na daftari la madeni.
Nikalifungua ukurasa wa Aprili:
Tausi, sare mbili za shule, bado elfu nane.
Mwalimu Lubasha, kuongeza kiuno, bado.
Mama Sikudhani, gauni la arobaini ya mwanawe,
bado, na sikuwahi kumdai.

Nikapita mlango kwa mlango
juu ya mchanga wa Tabora unaomeza visigino,
na kila niliyembishia hodi alitoka na uso
wa mtu anayejua anadaiwa.
"Mwangaluka, Kalunde. Mwisho wa mwezi nitakulipa."
"Sikuja kwa hilo."
"Ah."
Na mlango ukafunguka wote.

Tausi alitia sahihi bila kusoma.
Mwalimu alisoma mpaka nukta, akasahihisha herufi moja.
Lufunga, muuza karanga wa stesheni, akauliza
nitafanya nini na lile karavati
ambalo kila masika hugeuka ziwa la vyura.
Nikasema sijui bei ya karavati, nitauliza.
Akanitazama kana kwamba nimeitukana siasa.
"Wenzako husema watajenga."
"Mimi napima kwanza, ndipo nikate."
Akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Mpaka magharibi walikuwa tisa.

Wa kumi alikuwa Mihambo.
Miaka kumi na mmoja tangu tuachane;
tuligawana vikombe, tukagawana watoto
sikukuu kwa sikukuu.
Yeye husukuma mkokoteni wa maji,
na gurudumu moja hulia kama mtu mwenye kinyongo.
Nalisikia kabla sijamwona,
nainamisha kichwa kwenye sindano mpaka lipite.
Jioni ile sikuinama.
Nikasimama katikati ya njia na fomu yangu.

Akafuta mikono kwenye suruali. Akafuta tena.
Akaiweka karatasi juu ya dumu
akaandika polepole, ncha ya ulimi nje,
kama alivyoandika kwenye cheti chetu cha ndoa.
"Nakudhamini," akasema, "kwa kuwa mkasi wako ni mkweli,
hujamwibia mtu hata kipande cha bitana.
Ila kura yangu, Kalunde, sikupi.
Ukishinda hutashikika."

Usiku wa kuhesabu umeme ulikatika,
wakahesabu kwa tochi.
Mwenzangu mia sita na kitu.
Mimi mia mbili na kumi na mbili,
na daftari langu lina watu hamsini tu.
Nisiowadai, wasionidai,
walitafuta jina langu kwenye karatasi wakaweka alama.
Hao ni akina nani?
Mpaka leo nawatafuta sokoni,
nayapima mabega yao kwa macho.

Kwenye kituo cha pampu, wanakopigia wauza maji,
karatasi iliyobandikwa mlangoni ilinipa sifuri.
Nikacheka peke yangu, mkono mdomoni.
Mtu wa neno lake, yule.

Jumatatu gurudumu likalia, likanyamaza mlangoni pangu.
Suruali, makalioni imechanika.
"Mwisho wa mwezi, diwani."
Sikumjibu. Nikaandika: Mihambo, kiraka, bado.
Na chini yake, kwa wino uleule,
bei ya karavati moja
niliyokwenda kuiuliza manispaa asubuhi,
maana nilisema nitauliza.