Wanga

Miaka minne mfululizo, kila Jumatano ya miadi,
mpira mweusi ulipita kooni mwangu
kama mgeni asiyepiga hodi,
ukashuka kutazama mishipa ya umio,
ukapanda, na daktari akasema:
"Bi Rayya, hakuna kitu."
Nami nikamshukuru Mola kwa sauti iliyokwaruzwa,
siku mbili nikinywa uji vuguvugu,
na soko la wanawake la Ibra likapita bila mimi,
kofia zangu saba zimelala mfukoni.

Nisikufuru. Hakuna kitu ni jibu zuri.
Ila nilijiuliza: kwani lazima ubomoe mlango
kila ukitaka kujua kama ndani mna moto?
Mimi mshonaji. Bafta nikiibana kwa vidole viwili
najua ina wanga kiasi gani,
mkasi haujaigusa.

Mwaka huu kaja daktari mpya, Thuraiya,
binti wa Mudhairib, Kiswahili chake cha jikoni kwa bibi yake.
Kanilaza chali, mkono wa kulia juu ya kichwa,
kapaka ute baridi baina ya mbavu,
kisha kidude mfano wa mchi mdogo kikanigonga:
du. du. du.
Mara kumi. Hakikuuma. Nilitaka kucheka.
"Kinaliuliza ini," kasema, "limekakamaa kiasi gani."
Ini likajibu: kumi na nne.
Damu nayo, kichupa kimoja tu, ikahesabiwa chembe sahani:
laki moja na themanini na mbili elfu.

"Chini ya ishirini, juu ya laki na nusu.
Mpira hatuuhitaji mwaka huu."
"Nimepona?"
"Hujapona. Vidonge viko palepale.
Ila hatari ya mishipa ni ndogo mno
kulisumbulia koo lako. Mwakani tutagonga tena."

Nikatoka nimejaa maneno, nikamkuta Ghaniya wa Sinaw,
mwenzangu wa kufunga tangu usiku,
karatasi mkononi. Thelathini na moja.
Chembe zake elfu themanini.
Nafasi yangu ya mpira kapewa yeye,
saa nne, kitanda cha dirishani.
Maneno yote nikayameza.
Nikamshikia abaya na viatu,
nikakaa.

Wakaikuta mishipa miwili imetuna,
wakaifunga kwa vipete kabla haijapasuka.
"Afadhali wamenitazama," kasema,
na sauti ile iliyokwaruzwa
nikaijua kama ninavyoijua sindano yangu.

Sokoni walikuwa wanakunja majamvi.
Niliuza kofia moja, nyota za hariri ya kahawia,
kwa mama wa bwana harusi
aliyeibana ukingoni kwa vidole viwili,
akanyamaza kidogo,
akalipa.

Sita nimerudi nazo.