Vidole Vitatu

Jioni kabla ya kupasuliwa, wodi namba nne, Kisumu,
nimevuta kiti karibu na Bi Trufosa Aloo
aliyebeba rovu miaka kumi na minane
kama mtu aliyeachiwa mzigo na jirani,
na jirani hakurudi.

Fungua kinywa, mama. Zaidi.
Naona ulimi, na kimio nusu tu,
kinachungulia kama mtoto asiyejua
kama wageni wameshaondoka.
Vidole vyangu vitatu havipiti kati ya meno.
Viwili, na cha tatu kinabaki nje.
Tazama dari. Shingo inagoma nusu ya safari.

"Mbona wanipima kama fundi wa gauni?"

Nacheka. Simwambii habari za kijana wa Ahero:
shingo nyembamba, kinywa kipana, hesabu zote safi.
Tulimlaza, pumzi yake tukaichukua mikononi mwetu,
kisha mlango hatukuuona.
Dakika nne.
Mashine ikishuka sauti, mlio baada ya mlio.
Aliamka akaomba uji.
Mimi siku ile sikula.

Tangu hapo siyaamini macho peke yake.
Napaka jeli; anashtuka, baridi.
Kidude cha altrasaundi kinateleza pembeni mwa rovu
na kwenye kioo kijivu naiona njia ya pumzi,
imesukumwa kushoto, imepinda
kama njia ya ng'ombe inayokwepa shamba la mtu.
Ngozi hadi kidakatonge: milimita ishirini na tisa.

Naandika kwa wino mwekundu. Njia ngumu.
Bomba lipite akiwa macho, koo limetiwa ganzi.
Mudeizi awepo na kamera yake nyembamba.
Kisu kidogo kiwe mezani,
Mungu atunyime sababu ya kukigusa.

Najua, kupima si kutabiri.
Wapo waliotutisha kwa namba
na bomba likapita kama uzi kwenye sindano ya magunia.
Afadhali hofu ya bure
kuliko ile iliyochelewa.

"Na sauti yangu," anauliza, "umeiona humo?"
Huimba sauti ya pili, kwaya ya Manyatta.
Namgeuzia kioo. Sema aaa.
Nyuzi mbili zinakaribiana
kama viganja vya mtu anayetaka kupiga makofi
akaghairi.

Anasema tena, aaa, hajaombwa,
na tena,
hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa
kuuliza nani anaumwa.