Fremu Tisa

Sekunde moja ni picha ishirini na tano.
Nilimweleza mama hivyo mwaka ule wa kwanza,
akaacha kukuna nazi, akanitazama:
"Na mshahara, wanakulipa kwa picha au kwa sekunde?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Studio ilikuwa Wadi Kabir, juu ya duka la matairi,
AC moja, ikikohoa kama mvuta buruma.
Hapo ndipo alipozaliwa Bu Dhaili,
mjusi wa ukutani, macho kama vifungo vya koti,
mkia mrefu kuliko adabu yake.

Mimi nikiandika, Sudhakaran akichora,
mtu wa Kerala, Kiarabu hajui, Kiswahili hajui,
lakini akijua mjusi anavyokunja shingo akidanganya.
Juma'an wa Sur alishika sauti:
nyayo za mjusi ni dengu zinazodondoka siniani,
mvua ni mchele mkavu juu ya trei.
Mvua yenyewe mwaka huo haikunya,
tulikuwa nayo sisi tu, kwenye mkebe.

Na anayesema ndani ya mjusi ni Bi Shinuna,
karani mstaafu wa posta, magoti mabovu.
Huvua viatu mlangoni, humeza tende moja,
hufumba macho,
ana miaka saba.

Vipindi vilitoka kwa Kiarabu.
Kichwani mwangu mjusi akisema Kiswahili,
cha Ng'ambo, cha jikoni, cha kugombezwa.
Siku moja "Ebo!" ikanitoroka, ukurasa wa tatu.
Bi Shinuna akaisoma vilevile, naye si wa huko huko?
Kamati ikaniita. Ustadh Mundhir akavua miwani:
"Hili si neno la Kiarabu."
Nikasema, "Ni Kimijusi."
Akaandika. Akagonga muhuri.
Ramadhani ile, toka Nizwa mpaka Sohar,
mtoto akinyimwa peremende: Ebo!

Usidhani ilikuwa raha.
Binti yangu Azza alijifunza kulisoma jina langu
mwisho wa kipindi, likipanda juu ya skrini,
kabla hajajifunza kutonisubiri.

Kipindi cha kumi na tisa. Usiku wa kuamkia Idi.
Sudhakaran anachora, sikio liko kwenye simu,
mama yake yuko hospitali, ng'ambo ya maji.
Simu ikalia. Akasikiliza. Akarudi mezani.
Hakusema kitu, nami sikuuliza.
Alfajiri kanda ikaenda kituoni,
na ndani yake, mjusi akikimbia darini,
mkia haupo.
Fremu tisa. Hazifiki hata nusu sekunde.
Bu Dhaili, mwenye mkia, bila mkia.

Kila kikirudiwa kipindi hicho
nilikuwa na chai ya kutazama jikoni.
Miaka ishirini na saba ya chai.

Sasa duka la matairi limekuwa duka la simu.
Bi Shinuna tumeshamzika.
Namba ya Sudhakaran haiiti.
Na mjukuu wangu Muhannad, sebuleni Mabela,
amelala kifudifudi na skrini ndogo.
Vichekesho vyangu vyote vimempita kama upepo,
hata kile cha mbuzi na mazulia, nilichokesha nacho siku nne.
Halafu akacheka.
Akarudisha nyuma. Akacheka tena.
"Bibi! Mkia kauacha wapi?"

Nikakaa chini, magoti yangu nayo sasa ni mabovu.
"Nioneshe."
Akasimamisha kwa kidole, moja baada ya moja,
tisa, nikazihesabu.
Mistari haikutetemeka hata mmoja.
Mkono ule ulisahau mkia tu.

"Mjusi hukata mkia akiogopa," nikaanza.
"Ebo! Lakini hapa umerudi!"
Kweli, umerudi. Fremu ya kumi, mzima, unang'aa.

"Basi aliuazimisha," nikasema.
"Kwa nani?"

Nikapapasa chini ya mto
nikitafuta kalamu.