Kofia ya Mara Moja

Wanaokuja hapa Maabila kutaka kofia za Idi
huiona ile kwenye kabati la kioo, wakauliza bei.
Siuzi, nawaambia. Kwanza haikuenei.
Mahameli nyekundu, kishada cha uzi wa dhahabu
uliokwisha geuka rangi ya chai,
na mbele umetariziwa mwaka: 1926.

Ni ya Idwal. Baba akimwita Idiwali,
ulimi wa Wete haukuona sababu ya kumeza irabu.
Mwelisi, wa bonde la makaa ya mawe,
shimoni akiwa na miaka kumi na minne,
uwanjani akiwa na kumi na tisa: winga wa kushoto,
mwembamba, masikio makubwa,
mbio za mtu aliyelitoroka giza.

Pauni nane kwa wiki. Kiangazi, sita.
Misimu tisa, klabu nne, mabao thelathini na moja
(mwenyewe alihesabu thelathini na mbili;
moja refa alikuwa anafuta miwani).
Nchi yake ilimwita siku moja tu,
Belfasti, mvua, matope mpaka ndani ya soksi,
wakafungwa tatu.
Kwao ukiichezea nchi hupewi shamba wala ng'ombe.
Unapewa kofia.

Kisha goti.

Baba alimkuta Bahreni, mwaka wa thelathini na saba,
kambi ya Awali, wote wawili kwenye mabomba ya mafuta:
yaani Idwal fundi, baba mshika bomba.
Ijumaa walicheza juu ya ardhi ya chumvi,
magoli mapipa manne,
na Mzungu yule mchechemeaji pembeni
akipiga kelele kwa Kiwelisi, maana matusi
hayakubali lugha ya kuazima.

Siku moja akasimulia klabu yake ya mwisho:
hawakumchezesha, hawakumlipa, wala hawakumwachia.
Hati yake imo dawatini mwa katibu,
na bila hati huchezi popote, hata bure.
Aliyekuwa akisikiliza ni Mubaraki wa Muharraki,
mzamia lulu tangu utotoni, ngoma za masikio zimepasuka,
aliyerithi kwa babake deni la nahodha
kama mwingine anavyorithi pua.
Baba alifasiri, akimsemea karibu na shavu.
Mubaraki akacheka mpaka akakaa chini.
"Mwulize," akasema, "nahodha wake anaitwa nani."

Idwal hakucheka. Usiku alikuja na kofia,
nondo wameila upande mzima wa kushoto.
Alikwisha sikia kuna mtu kambini
anayeshona kofia za vito kwa kandili.
Mahameli haikupatikana Manama yote,
basi baba akatia kitambaa cheupe, akakijaza vito vya kwetu,
tundu kwa tundu, siku kumi na moja.
Ndani, chini ya bitana, akaficha karatasi:

*Goti lilikupa jina, goti likakuvunjia,
Mara moja uliona, taji likakutulia,
Wenye timu wamekana, ni nondo wamekujia,
Sindano yangu yanena, tundu nimekuzibia.*

Hakumsomea. Angelifasiri vipi?
Na Idwal aliyeahidi kuifuata Jumamosi
alihamishwa Alhamisi, kwa meli ya kampuni, kwenda Abadani.
Ikaja kadi moja: *Itunze, Marhuni. Kichwa changu kimenenepa.*
Kisha vita, na posta ikanyamaza.

Mimi mpira siujui. Nadhani kona ni adhabu.
Lakini juzi mjukuu wangu Dhiyabu, miaka kumi na saba,
aliingia na mkataba, kurasa tisa, anameremeta
kama kimepikwa kitu ndani yake.
Mshahara umeandikwa kwa herufi nene.
Nikavua miwani ya kushonea, nikavaa ya kusomea.
"Na hii karatasi," nikamwuliza, "ukishatia saini,
inalala kwa nani?"
Akacheka. Bibi, hayo mambo ya zamani.

Nimempa chai. Nimemwambia akae.
Kalamu nimeiweka kwenye kabati la kioo,
na ufunguo ninao mimi,
mpaka tumalize ukurasa wa tisa.